Maji Aliyoyatunza Salman

"Mkamba amfundishe mwanangu kuogelea?" Salman aliuliza, akakitua kikombe cha kahawa kwa kishindo. "Mimi, mtoto wa kisiwani, mzaliwa wa Faza, nimchukue binti yangu nimpeleke kwa mtu wa Kitui akamwonyeshe maji yalivyo?"

Hafidha, mkewe, hakuinua macho kwenye cherehani. "Huyo wa Kitui anajua kufundisha. Wewe wa Faza tangu Idi umemfundisha nini? Kulia."

Neno hilo lilimchoma Salman kwa sababu lilikuwa kweli. Siku ya Idi, pale ufuoni ambapo Malindi nzima humiminika na watoto wake, wimbi lilimzoa Lubna, mtoto wa miaka sita, mbele ya macho yao. Mtu wasiyemjua ndiye aliyemdaka kwa gauni lake jipya na kumrudisha kimya, midomo imemgeuka rangi. Tangu hapo mtoto hakukubali hata kata moja ya maji imiminwe kichwani. Mama yake alimsafisha kwa kitambaa kama mgonjwa wa kitandani. Salman alijaribu kumfundisha kwa njia aliyofundishwa yeye na marehemu baba yake: nazi mbili kavu, zimefungwa pamoja kwa makumbi yake, mtoto akazikumbatia kwapani na kuelea. Lakini mto Sabaki ulikuwa umefurika, bahari imekuwa nyekundu kwa tope lake kama chai ya maziwa, na Lubna alipoiona tu alipiga ukelele hadi wapita njia wakadhani anapigwa.

"Mwalimu Kavata anasema hofu hii haiponi kwa likizo moja," Hafidha aliendelea. "Mtoto aingie majini kila wiki, mwaka mzima, masika na kiangazi, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Ukikatiza, hofu inarudi, tena inarudi na nduguze. Twende tukamwone kwanza. Kuona si kuoa."

Basi Jumapili wakaenda Gede. Bwawa lilikuwa la shule moja ya binafsi, nyuma ya jiko, limezungushiwa ua wa mabati. Watoto waliokuwamo walivaa chochote kilichowakaa mwilini. Kavata, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, akiwapangusa makamasi huku akiwahesabia miguu.

Salman hakumsalimu kwanza. Alichutama, akayachota maji kwa kiganja, akayanusa, akayatazama juani kama anayenunua dhahabu.

"Dawa haijakolea," alisema. "Na vigae vina utelezi. Kwetu kazini, mgeni akiuona utelezi kama huu mimi sina kazi."

"Ahsante, baba," Kavata akajibu. "Vigae tutavisugua, na dawa nitaongeza leo jioni. Na hofu ya mtoto huyu, kwenu kazini mnaitia dawa gani?"

Hafidha alicheka, akauficha mdomo kwa ncha ya mtandio. Salman hakucheka.

Kavata alisogea ukingoni mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Wewe, hukunipa hata shikamoo. Haya, nimekusamehe. Unaogopa nini, maji au wimbi?"

"Wimbi," Lubna alinong'ona.

"Hapa hakuna wimbi. Likija nitalipiga teke, tazama mguu wangu ulivyo."

Lubna aliutazama mguu huo, kisha taratibu akavua kiatu, akanyoosha kidole gumba na kuyagusa maji. Hafidha alikiona kidole kile na roho ikampaa. Salman alikiona pia. Lakini aliwaona na wale watoto wa kaptura zilizochanika, akauona moshi wa jiko, akamkumbuka jirani yake ambaye angemuuliza msikitini, "Ati binti yako anaogelea kwa Wakamba?" Akamshika mtoto mkono. "Tumeona," alisema. "Tutafikiria."

* * *

Kazi ya Salman ilikuwa kutunza bwawa la hoteli moja kubwa ya ufuoni. Alfajiri, kabla wageni hawajafungua mapazia, yeye alikuwa ameshaokota majani kwa wavu wake mrefu, amepima dawa, amesugua vigae na kupanga taulo juu ya viti. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hapo hakuna aliyewahi kuugua macho wala ngozi kwa maji yake. Alizoea kuyaita hivyo: maji yangu. Na hapo ndipo lilipoanzia kosa lake. Mlinzi wa duka la dhahabu hajidhanii tajiri, lakini mtu akitunza kitu kwa mapenzi miaka mingi, huanza kujihesabia fungu ambalo hakuna aliyempa.

Hoteli hiyo ilikuwa na mafunzo ya kuogelea ya watoto, mwaka mzima, kwa ajili ya familia zinazoishi kwenye majumba ya jirani. Salman alivua kofia, akaingia ofisini kwa meneja. Meneja aliitwa Mwambire, mtu wa hapo hapo pwani, aliyeanza kazi kwa kubeba mizigo ya wageni na sasa alikuwa akivaa tai kwenye joto.

"Salman, wewe ni mtu wetu," alisema Mwambire kwa upole. "Mlete. Utalipa nusu, tutakata kwenye mshahara kidogo kidogo, mwaka mzima. Ila busara, bwana. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bwana."

Hakuuliza busara hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nyumbani aliingia kwa sauti ya ushindi. "Mwanangu ataogelea kwenye maji ninayoyatunza kwa mkono wangu huu. Safi, utaiona sindano chini. Nani atamtoa humo?"

"Baba Lubna," Hafidha alisema taratibu, "anayechochea moto wa biriani la harusi, si kwamba amealikwa."

"Wivu huo."

"Si wivu. Ni kwamba mtoto alitia kidole kule, na wewe ukamtoa."

Hata hivyo alikubali, maana nyumba haikai na manahodha wawili. Alinunua kitambaa cha kunyumbuka sokoni, akamshonea Lubna nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu na kisketi cha stara, mshono umelala hata kwa kidole huupati. Hoteli ilikuwa imetoa masharti ya kitambaa na ya kofia, na yote aliyatimiza.

* * *

Mwalimu wa hotelini aliitwa Tevin, kijana wa Kaloleni mwenye subira. Jumamosi ya kwanza Lubna alikaa ukingoni. Ya pili alitia miguu. Ya tatu alishuka ngazi, akang'ang'ania ukuta kama kombe, akajifunza kupuliza mapovu. Siku hiyo Salman alikunja taulo huku akitabasamu peke yake kama bwana harusi.

Wiki iliyofuata Mwambire alimwita kando. "Hakuna aliyelalamika, Salman. Ila mama mmoja aliuliza, yule baba wa taulo siye mzazi wa huyu? Si vizuri watu kuulizana maswali. Tumhamishie Jumatatu."

"Ndiyo, bwana."

Likaja la viti: mtoto asikae kwenye viti vya wageni. Likaja la choo: atumie cha wafanyakazi. Choo hicho kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, upande wa mapipa ya taka, na Lubna alikwenda huko akitetemeka, maji yakimchuruzika, akiviruka vigae vilivyovunjika.

"Baba, mbona wenzangu walikuwa hawaji huku?"

"Huku ni karibu," Salman alimwambia, ilhali choo cha wageni kilikuwa pale pale mbele ya macho ya mtoto.

Kisha likaja la saa. Masomo yawe alfajiri, kabla ya wageni kuamka. "Maji yanakuwa yametulia wakati huo," Salman alimweleza mkewe.

Hafidha alikuwa akikata uzi kwa meno. "Yametulia au hayana mtu?" aliuliza.

"Kwani tofauti ni nini? Si anaogelea?"

"Mume wangu, kila wanapokusogeza unarudi umenipangia sababu nzuri. Wao hata hawahangaiki kuitafuta. Unawatafutia wewe."

Salman alitoka nje, akakaa barazani. Alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilikuwa kama mbwa mwoga: ilibweka nyumbani tu.

* * *

Asubuhi moja Hafidha aliamua kufuatana nao. Tevin alikuwa amesema mtoto yu tayari kuachia ukuta, na mama alitaka kuona.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Tevin alisimama katikati ya upana wa bwawa, mikono ameinyoosha. Salman alikuwa upande wa pili na wavu wake. Hafidha alisimama karibu na ngazi, kwa kuwa viti havikuwa vyao.

"Njoo, Lubna," Tevin alisema. "Mimi niko hapa. Achia."

Lubna aliachia. Miguu ikapiga, kichwa kikazama, kikaibuka ubavuni, kikavuta pumzi kama alivyofundishwa, kikazama tena. Tevin alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na mtoto akamfuata. Hafidha alijishika kifua. Hakuna dua aliyoijua ambayo hakuisoma.

Ndipo mgeni mmoja akatokea, mzee mzito wa Kizungu, amejifunga taulo, usingizi umemwisha mapema. Alisema "jambo" kwa watu wote, akakaa kitini kuvua ndara zake. Hakuwa na haraka wala neno. Lakini juu kwenye roshani Mwambire alikuwa na chai yake, akamwona. Aliinua mkono, akaupunga kwa nje, vile mtu afukuzavyo kuku kwenye mchele uliotandazwa.

Salman aliuona mkono ule. Akamwita binti yake kwa sauti ile ya nyumbani, ambayo mtoto hajapata kuikaidi.

"Lubna! Toka majini!"

Mtoto aligeuza uso kuitafuta sauti ya baba yake. Badala ya pumzi akavuta maji. Akazama.

Tevin alikuwa umbali wa mkono, akamnyanyua pale pale. Lakini ukelele uliotoka, baada ya kukohoa, ulikuwa ule ule wa ufuoni, na mgeni alisimama na ndara moja mkononi.

Hafidha hakupiga kelele. Alivua viatu vyake, akaviweka sambamba pembeni, akashuka ngazi na buibui lake. Nguo ilijaa hewa ikamzunguka kama mwavuli mweusi. Alitembea mpaka maji yakamfika kifuani, akampokea mtoto.

"Tevin mwanangu, amebakisha kiasi gani?"

"Robo tu, mama. Robo ya upana."

"Basi ataimaliza. Lubna, nitie mkono shingoni. Mama yupo. Tukisha kuvuta pumzi tutaimaliza."

Mwambire alifika akihema, tai imemkaa upande. "Mama, nguo hizo haziruhusiwi majini."

"Na za mtoto? Nimezishona kwa masharti yenu, naye mmemtoa. Kwa hiyo tatizo si nguo."

"Tafadhali, mama. Kuna mgeni."

"Namwona." Hafidha alimgeukia yule mzee. "Habari ya asubuhi, mgeni wetu!"

Mzee, aliyekuwa haelewi kinachoendelea, alipunga ndara yake. "Jambo, jambo! Hakuna matata!"

"Umemsikia? Yeye hana neno. Neno unalo wewe, Mwambire. Wewe mzaliwa wa papa hapa. Hebu niambie, mama yako mzazi ameshawahi kutia hata unyayo humu?"

Watu wa jikoni walikuwa wameshatoka, na mfanyakazi mmoja alijikohoza kuficha kicheko. Meneja aliinyoosha tai yake. Aligeuka kwa Salman na kusema polepole, kama anayeagiza kikombe kingine cha chai: "Salman. Mtoe mkeo."

Salman aliulaza wavu chini. Akashuka ngazi na yunifomu yake nyeupe, na viatu. Hafidha alimwona akija, na uso wake, uliokuwa umekaza kama ngoma, ukalegea. Alidhani mumewe anakuja kusimama naye. Hata alijisogeza kidogo kumwachia nafasi, mtoto awe katikati yao.

Salman alimshika kiwiko. "Twende, Mama Lubna," alisema. "Usinifukuzishe kazi."

Hafidha alikichomoa kiwiko chake mkononi mwa mumewe. Kisha akatoka, mtoto mabegani. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye buibui, yakaacha mfuo mrefu juu ya vigae hadi kwenye lango la wafanyakazi.

"Pangusa hapo," Mwambire alisema. "Mgeni asije akateleza."

Na Salman, akiwa amelowa mpaka kifuani, alichukua tambara, akapiga magoti, akazifuta nyayo za mkewe moja baada ya nyingine.

* * *

Mchana aliitwa ofisini. Masomo yamekwisha, aliambiwa. Mtoto asije tena.

"Sawa, bwana. Na yale makato?"

"Tulikubaliana mwaka mzima, Salman. Yameshaingizwa. Mimi nitafanyaje?" Mwambire alifungua mikono kama mtu aliyeonewa. "Tena ushukuru. Mwingine angekuwa nje ya geti saa hii."

Maneno yalimjaa Salman kooni. Alitaka kumuuliza mtu huyu, ambaye walikula naye ugali wa jikoni enzi za mizigo, ni lini aliacha kuwa mtu. Lakini kodi ya nyumba nayo ilikuwa imekaa humo humo kooni, na kodi ilikuwa nzito zaidi. Alisema, "Ahsante, bwana," na neno hilo likamchafua kinywa hadi jioni.

Aliporudi nyumbani alimkuta Hafidha uani na ndoo, anambembeleza Lubna akubali kuoshwa. Salman aliichukua kata, akachutama. "Njoo kwa baba."

Mtoto aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usiseme, Baba! Usiseme!" Akakimbilia chumbani.

Mume na mke wakabaki uani, ndoo katikati yao.

"Kesho nampeleka Gede," Hafidha alisema.

"Kwa pesa gani? Mimi nakatwa mpaka mwakani."

"Kwa pesa za cherehani. Sijakuomba."

"Mama Lubna, nihukumu kwa haki. Ningefanya nini? Yule ni meneja. Ningemtukana? Tungekula nini kesho yake?"

"Sikukutaka umtukane. Nimemtukana mimi." Sauti yake haikupanda, na Salman angeona nafuu kama ingepanda. "Alikuwa mbali, juu roshanini. Alipunga mkono. Ungeweza kuwa hujamwona. Unaokota majani, jua liko machoni, hujaona. Mara kumi tu za kupiga mguu na mtoto angefika. Sikudai ushujaa, Baba Lubna. Nilidai upofu kidogo tu. Hata huo ukaninyima."

Aliinua ndoo akaingia nayo ndani.

* * *

Salman aliendelea na kazi. Kila alfajiri aliokota majani, akapima dawa, akapanga taulo, na kila mwisho wa mwezi alilipia masomo ambayo hakuna mtoto aliyekuwa akiyasoma. Mgeni akimsifu kwa usafi wa maji, alijibu "karibu", na meno yakamuuma kwa kukazana. Hakuyaita tena maji yangu.

Masika yalikuja, barabara ya Gede ikajaa madimbwi, na Hafidha akampeleka mtoto hivyo hivyo kwa tuktuk, amemfunika turubai. Kusi ilivuma, akampeleka. Habari Salman alizipata kwa kudokoa: mara mtoto ametia uso, mara ameachia ukuta kwa muda wa kupiga chafya. Hakuna aliyemkataza kwenda kuona. Hakuna aliyemwambia njoo.

Siku moja ya mapumziko akaenda mwenyewe. Alinyoa ndevu, akavaa kanzu ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa. Kavata alimwona tangu mbali, akatoka majini, akamkuta mlangoni pa ua wa mabati.

"Mwalimu, hujambo," Salman alisema. Safari hii alianza kwa salamu. "Nimekuja kumtazama binti yangu."

"Karibu, Baba Lubna. Lakini samahani, usiingie."

"Nisiingie?"

"Wiki jana fundi mmoja anayejenga pale nyuma alimwita mwenzake kwa sauti nzito. Lubna aliinua kichwa, akanywa maji, akashika ukuta, na siku yote hakuuachia. Leo anajaribu upana wote. Akikuona, au akikusikia, sijui."

Damu ilimpanda Salman kichwani. Hasira zote alizomeza, za choo cha mapipa, za tambara, za ahsante bwana, zilimpanda kwa pamoja, na mbele yake alisimama mtu mmoja tu ambaye hakumkosea kitu.

"Ni mwanangu, mwalimu! Unanizuia kwa mwanangu?"

"Ni wako," Kavata alisema, akaweka kidole mdomoni. "Ndiyo maana nakuomba. Shusha sauti, baba. Atakuzoea tena. Ila si leo."

Akarudi ndani na kuvuta mlango.

Salman alisimama nje, kanzu imekaribia kugusa tope. Mabati yalikuwa marefu kuliko yeye, bila tundu. Alisikia maji yakipigwa, lakini watoto walikuwa wengi na hakuweza kujua yapi ni ya miguu ya nani. Baba mwingine, mchuuzi wa mahindi aliyekuwa akimsubiri mwanawe, alimtikisia kichwa kumsalimu. "Wako yupo mle?"

"Yupo."

"Mbona huingii? Wazazi wanaruhusiwa."

Salman alilisogeza sikio kwenye bati.

Ndani kelele zilipungua, kisha zikakoma kabisa. Wamewatoa wengine, akafahamu. Sasa palisikika miguu ya mtu mmoja tu, midogo, inapiga bila mpango, inanyamaza, inapiga tena. Sauti ya Hafidha ilikuwa ikisema, "Pumzi, mwanangu. Pumzi," polepole, bila haraka. Miguu ikanyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia. Akaushika ukingo wa bati, ukamkata, hakuuachia.

Kisha pakawa na kishindo cha makofi, na watoto wakipiga vigelegele, na sauti ya Kavata ikizidi zote. Na juu ya hizo akaisikia sauti ya binti yake ikicheka, kicheko ambacho nyumba yao haikukisikia tangu Idi.

Jina la mtoto lilimpanda Salman hadi ulimini. Alifungua kinywa. Akakumbuka, akakiziba kwa kiganja chake chenye damu, akakibana kwa nguvu, huku yule mchuuzi wa mahindi akimshangaa mzee wa kanzu anayejiuma mkono nyuma ya ua.